Sehemu Yenye Maji Shambani: Tupande Nini?

Wale mliokwisha rudi nyumbani, poleni na kazi ya kutwa. Na wale ambao bado mko shambani, redio imetundikwa kwenye mti, poleni zaidi. Karibuni tuzungumze.

Juma lililopita tulizungumza habari za samadi, na tukaahidi kwamba leo tutajibu barua. Barua yenyewe imetoka kwa mkulima mmoja wa Njombe. Anasema hivi: alinunua miche 40 ya parachichi, akaipanda yote msimu mmoja, kuanzia juu ya mteremko hadi chini bondeni. Ile ya juu inakwenda vizuri. Ile ya chini ilianza kuwa manjano, majani yakawa madogo, matawi yakakauka kuanzia nchani, na mpaka anaandika barua miche 17 ilikuwa imekufa. Kisha anauliza: “Bwana shamba, nitumie dawa gani?”

Ndugu yangu, pole sana. Najua miche hiyo hukupewa bure, na najua shimo la parachichi halichimbwi kwa mzaha. Lakini nitakujibu kwa ukweli. Kilichokuponza ni mahali ulipopanda. Dawa za ugonjwa wa kuoza mizizi zipo, lakini hakuna dawa inayoweza kuusaidia mparachichi uliosimama ndani ya maji.

Nimeona barua hii inawahusu wengi. Karibu kila mwenye shamba milimani ana kipande cha chini kinachokaa maji. Wengine wanakiita tindiga, wengine kinamasi, wengine wanasema tu “kule kwenye chepechepe”. Na karibu kila mmoja ameshapoteza kitu hapo: mahindi, viazi, mihogo, na sasa parachichi. Basi leo tuulizane: sehemu kama hiyo tupande nini?

Kwanza tuelewe kwa nini mimea inakufa majini, maana wengi wanafikiri imekunywa maji mengi mno. Sivyo. Mizizi inapumua kama sisi tunavyopumua. Katika udongo mzuri kuna vinafasi vidogo vidogo kati ya punje na punje, na ndani yake mna hewa. Mvua kubwa inaponyesha vinafasi hivyo hujaa maji na hewa hutoka. Maji yakiondoka kesho, hewa inarudi na mmea hauna neno. Maji yakituama siku tatu, nne, tano, mizizi inakosa hewa, inakufa, inaoza. Mizizi ikioza, mmea hauwezi tena kunywa, na ndiyo maana mtu anashangaa kuona mahindi yamenyauka huku yamesimama ndani ya maji.

Kuna na jambo la pili. Udongo ukikosa hewa, chakula cha mmea kile kinacholeta rangi ya kijani kinapotea. Sehemu kinakwenda na maji, sehemu kinageuka hewa na kuruka. Mahindi yanaanza kuwa manjano, majani ya chini kwanza. Hapo mkulima anakimbilia mbolea ya chumvichumvi, anamwaga mfuko mzima, na mbolea nayo inapotea kwa njia ile ile. Amepoteza mahindi, amepoteza na fedha.

Sasa, mbona mpunga haufi? Mbona magimbi hayafi, wala mafunjo, wala matete? Chukua bua la gimbi ulikate, utazame pale ulipokata. Utaona limejaa vitundu kama sifongo. Mimea ya namna hii imejaliwa njia za hewa ndani ya mwili wake. Hewa inaingia kwenye majani, inashuka kwenye bua hadi mizizini. Mzizi wake uko ndani ya tope, lakini unapumulia juu. Mahindi, maharage, mihogo na parachichi havina mpango huo wa kutosha. Hata ukivipenda vipi, haviwezi.

Wazee walisema maji hufuata mkondo. Mkulima mwenye busara anayatazama maji kwanza, ndipo anachagua mbegu. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunachagua mbegu kwanza kwa sababu bei yake ni nzuri sokoni, halafu tunataka maji yatuondokee.

Basi tuyatazame hayo maji. Sehemu zenye maji si za namna moja. Mimi huzigawa mara tatu.

Namna ya kwanza ni pale maji yanapopita. Mvua ikinyesha panajaa, lakini baada ya siku moja au mbili pamekauka. Namna ya pili ni pale panapokaa maji masika yote, lakini kiangazi panakauka juu na kubaki na unyevu chini. Namna ya tatu ni pale pasipokauka mwaka mzima, hata mwezi wa Oktoba ukikanyaga maji yanatoka kati ya vidole.

Utajuaje yako ni ya namna gani? Usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana peke yake. Miaka haifanani. Waliolima bondeni wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wanakumbuka, na waliolima msimu wa 2023 na 2024 hawajasahau. Chukua jembe, nenda ukachimbe.

Chimba shimo la kina cha mkono mmoja, yaani kama nusu mita. Kama unataka kupanda mti wa matunda, chimba hadi mita moja. Sasa tazama rangi ya udongo kwenye ukuta wa shimo. Ukiona udongo ni mwekundu au wa kahawia kuanzia juu hadi chini, basi hapo hewa inaingia, maji hayakai. Ukiona juu ni kahawia, lakini chini unageuka kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, kama kutu ya bati kuukuu, basi ujue maji yanapanda na kushuka hapo. Na ukiona udongo ni kijivu mtupu au una rangi ya buluu buluu, na ukiunusa unanuka kama yai viza, hapo maji hayatoki kabisa.

Sikilizeni vizuri juu ya hayo madoa ya kutu, maana ni kama alama iliyoandikwa na maji yenyewe. Pale madoa yanapoanzia ndipo maji yanapofika wakati wa masika. Pima kutoka juu ya ardhi hadi kwenye madoa. Kama ni shubiri moja tu, basi mizizi ya mahindi yako ina shubiri moja ya kuishi. Alama hiyo utaiona hata ukichimba mwezi wa Septemba wakati kila mahali pakavu. Huna haja ya kungoja mvua ikufundishe kwa hasara.

Tena tazama kinachoota chenyewe. Mafunjo na matete yanakwambia hapa kuna maji ya kudumu. Majani ya jamii ya ndago nayo ni shahidi. Lichume bua moja ulizungushe kati ya vidole; kama lina pembe tatu, si duara, basi ni jamii hiyo, na nyingi kati yake hupenda maji. Ukiyaona yamejaa mahali unapotaka kupanda maharage, simama kwanza ufikiri.

Haya. Sasa tuje kwenye mimea yenyewe.

Namna ya kwanza, pale maji yanapopita. Hapa kazi si ngumu. Unaweza kupanda mahindi, kabichi, viazi vitamu, lakini juu ya matuta. Tuta liwe na urefu wa kwenda juu wa sentimita 30 hadi 45, na mifereji kati ya matuta iwe na mahali pa kutokea. Tuta lisilo na njia ya maji kutokea ni bwawa tu. Miwa inakubali vizuri. Migomba nayo, mahali pasipo na baridi kali, inapenda unyevu, lakini kumbuka: mgomba unapenda kunywa, haupendi kuogelea. Upande kwenye ukingo au kwenye kichuguu cha udongo. Majani ya ng'ombe, yale mabingobingo, yapande pembeni; yatashika udongo na mifugo itakula.

Hapa hapa niseme juu ya maji ya nyumbani, yale yanayotoka bafuni na mahali pa kuoshea vyombo. Nyumba nyingi yanamwagika tu nyuma, panakuwa tope, mbu na nzi. Fanya hivi. Chimba shimo la duara, upana kama mita moja na nusu, kina nusu mita, udongo wake uweke kuzunguka ukingo. Jaza shimo mabua, majani makavu na takataka zinazooza. Yaelekeze maji humo. Juu ya ukingo panda migomba mitatu au minne, na magimbi kati yake. Maji yatakunywewa na takataka zitageuka mboji. Lakini angalieni, akina mama na akina baba: nasema maji ya kuogea na kuoshea vyombo, sisemi maji ya choo. Wala usipande hapo nyanya au mboga za kuliwa mbichi.

Namna ya pili, pale panapokaa maji masika na kukauka kiangazi. Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye makosa mengi. Kosa ni kupalazimisha pafanye kazi ya mlimani wakati wa masika. Hapa pana misimu miwili, na kila msimu una mmea wake.

Wakati wa masika paachie mmea unaopenda maji. Kwa ndugu zetu wa chini kwenye joto, wa Kyela, Kilombero, Mbarali na kule Usukumani kwenye majaluba, huo ni mpunga, na hawahitaji mimi kuwafundisha. Lakini sisi wa juu tusiige. Mpunga ukikutwa na baridi wakati wa kuchanua hautoi punje, unapata mapepe matupu. Watu wamejaribu Njombe wakavuna majani.

Kwetu sisi mmea wa masika ni gimbi. Najua wengine mnacheka. Mnasema magimbi ni chakula cha wazee. Lakini jiulizeni, ni chakula gani kingine kinachokaa ardhini kinakungoja, hakihitaji ghala, hakidungwi na dumuzi, na kinauzika mjini kwa chai ya asubuhi? Gimbi linaoteshwa kwa kichwa chake: unakata sehemu ya juu ya kiazi pamoja na kipande cha bua chenye urefu wa shubiri, majani unayaondoa. Unachimba shimo la kina cha shubiri moja, unatia samadi iliyooza, unapanda. Nafasi kati ya shina na shina iwe hatua moja. Likipata maji yanayotembea polepole linafurahi zaidi kuliko maji yaliyosimama na kupata moto. Kwenye joto huwa tayari baada ya miezi sita hadi minane. Milimani kwenye baridi subiri hata mwaka mzima. Na lipikwe mpaka liive kabisa, maana bichi linawasha koo.

Lakini hapa pana mtego. Kuna mimea ya aina mbili ambayo watu huichanganya na kuiita yote magimbi. Tazama jani. Kama bua limeshika jani kwa chini, ndani kidogo, mbali na ule mkato wa jani, hilo ni gimbi la majini. Kama bua limeshika jani palepale kwenye mkato, hiyo ni aina nyingine, inayopenda ardhi yenye unyevu lakini si maji yaliyotuama. Ukiipanda hii ya pili kwenye tope itaoza, halafu utakuja kusema bwana shamba alikudanganya. Basi tazama jani kabla ya kubeba mbegu.

Masika yakiisha, maji yakishuka, ndipo unaingia na vinyungu. Watu wa Iringa na Njombe mnavijua. Unainua matuta mapana ya mita moja, unaacha mifereji kati yake, unapanda mahindi, maharage, mchicha, figiri, kabichi, vitunguu. Mizizi inajitafutia unyevu chini bila wewe kubeba ndoo. Mahindi mabichi ya vinyungu yanafika wakati ghala la nyumbani limepungua na bei mjini ni nzuri. Watoto wangapi wamelipiwa daftari na sare kwa mahindi hayo!

Ila msiharakishe. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kujikusanya bondeni. Mwezi wa Juni na Julai kule Makete na Njombe umande unaganda bondeni na kuunguza maharage na viazi kama moto, wakati juu ya mteremko hakuna kitu. Mwenye bonde la baridi angoje mpaka baridi ipungue. Na viazi mviringo visirudi hapo kila mwaka. Ugonjwa wa mnyauko unasafiri na maji. Ukianza kwa jirani wa juu, mfereji unakuletea na wewe.

Kuna matumizi mengine ya kipande hiki ambayo watu wanayadharau. Kiangazi marando ya viazi vitamu hukauka kule juu, na mvua zinapoanza watu wanahangaika kutafuta mbegu. Tenga tuta moja au mawili bondeni, upande marando mwezi wa Juni. Novemba utakuwa na mbegu yako, utapanda na mvua za kwanza, na utawauzia wenzako.

Namna ya tatu, pale pasipokauka. Hapa, ndugu wakulima, nataka tuongee polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Mwaka 1986 nilikuwa bwana shamba kijana, nimetoka chuoni na viatu vyangu bado vipya. Mzee mmoja alinipeleka kwenye tindiga lake. Lilikuwa kama nusu eka, limejaa mafunjo, na chini yake kulikuwa na chemchemi ambako akina mama wa mtaa ule waliteka maji. Mzee akaniuliza nusu eka hii ataikaushaje alime. Mimi bila kufikiri nikamwambia, panda mikaratusi, itayanywa maji yote. Nikamletea miche mwenyewe.

Na kweli ilikunywa. Baada ya miaka michache pale palikauka, mzee akalima mahindi, akanishukuru, akanipa na jogoo. Kisha chemchemi ikaanza kupungua. Mwaka wa kwanza akina mama walisubiri foleni. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, ilikauka kabisa, na wakaanza kuvuka kilima kwenda bonde la pili. Siku moja nilikutana njiani na mke wa yule mzee, ana ndoo kichwani. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba.” Kisha akasema, “Bwana shamba, ulitukaushia tindiga, ukatukaushia na mtungi.” Hakusema zaidi. Nami sikuwa na jibu.

Tuliikata ile mikaratusi. Lakini mkaratusi ukiukata unachipua, kwa hiyo ilibidi kung'oa visiki kimoja kimoja, kazi ya misimu miwili. Chemchemi ilirudi, lakini si kama zamani. Wala mzee hakubaki na shamba, kwa sababu ule udongo mweusi mwepesi ukikauka unasinyaa, unakuwa kama jivu, na moto ukiingia unawaka chini kwa chini. Alipata mahindi ya miaka michache, akapoteza maji.

Tangu hapo nimejifunza kwamba tindiga la kudumu ni ghala. Linapokea maji ya masika, linayashika, linayatoa kidogo kidogo kiangazi. Ukilikausha umevunja ghala.

Kwa hiyo katikati ya tindiga paachwe na mafunjo na matete yake. Nayo si bure: mafunjo yanatoa mikeka, matete yanatoa dari na nyua. Kata kwa zamu, sehemu hii mwaka huu, sehemu ile mwaka ujao. Kuzunguka chemchemi panda miti inayokaa vizuri na maji: mivengi, kama mnavyoiita Iringa na Njombe, na mikuyu mahali inapokubali. Mzambarau nao unastahimili unyevu na unatoa matunda. Mianzi panda kwenye mteremko unaoshuka kuelekea bonde, sio ndani ya maji; itashika udongo, itatoa fito, na wenye ulanzi mnajua wenyewe.

Mikaratusi sisemi msipande. Nguzo na mbao ni fedha, hilo najua. Ipandeni juu, mbali na maji. Na tukumbuke kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Wengine wameiona sheria hiyo kama adui wa vinyungu. Mimi nawaomba kabla hamjafungua kipande kipya bondeni mwende kwanza serikali ya kijiji na kwa bwana shamba au bibi shamba wenu, mpime pamoja. Ni afadhali kuulizwa swali kabla ya kulima kuliko kufyekewa mahindi yamebeba.

Sasa neno moja juu ya mitaro, maana mtu atasema, “Mimi nitachimba mtaro, nitapanda ninachotaka.” Mtaro ni mzuri ukikaa mahali pake. Mahali pake ni juu ya shamba, ukikinga maji ya mteremko kabla hayajaingia. Uwe na mteremko mdogo, maji yatembee yasikimbie, na utokee kwenye majani yaliyoshika ardhi. Kingo zake zipande mabingobingo zisibomoke. Usiuelekeze kwa jirani. Kesi nyingi za mabaraza ya ardhi zilianza na mtaro wa mtu mmoja. Zungumzeni, mkubaliane maji yatapita wapi, kisha mchimbe kwa pamoja. Na mifereji isiachwe na maji yaliyosimama karibu na nyumba, kwa ajili ya mbu. Kwenye maeneo ya chini yenye joto kuna kichocho pia, kwa hiyo watoto wasicheze humo, na mwenye buti avae buti.

Sasa namrudia ndugu yetu wa Njombe. Ndugu yangu, miche iliyokufa ing'oe uichome. Usirudishie parachichi kwenye mashimo yale. Ile ya chini inayoumwa usiihamishie juu, kwa sababu udongo wake unabeba ugonjwa na utaipelekea ile mizima. Ukitoka kufanya kazi chini, osha jembe na viatu kabla hujapanda juu. Kisha chimba shimo la mita moja pale kati, kati ya mizima na iliyokufa, utafute madoa ya kutu. Ukiyapata, weka mambo mahali hapo: huo ndio mpaka wako wa parachichi, milele. Juu ya mambo, parachichi. Chini yake, magimbi masika na vinyungu kiangazi, kama sheria ya mita 60 inakuruhusu. Na kama kuna chemchemi, mivengi.

Kwa kifupi, ndugu wakulima, tumesema hivi. Mizizi inapumua, na maji yaliyotuama yanaifunga pumzi. Kabla ya kununua mbegu au miche, chimba shimo utazame rangi ya udongo na madoa ya kutu. Pale maji yanapopita, panda juu ya matuta. Pale yanapokaa masika, panda magimbi, na kiangazi panda vinyungu na marando. Pale yasipotoka, pahifadhi, upande miti rafiki wa maji. Na mkaratusi usikaribie chemchemi.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mmoja achimbe shimo moja tu kwenye kipande chake cha chini. Achimbe pamoja na watoto, wauone huo udongo wa kijivu na kutu yake, maana wao ndio watakaolima hapo kesho. Halafu mtuandikie mlichokiona na mnachopanda. Nitapenda hasa kusikia kwa akina mama, kwa sababu ninyi ndio mnaoteka maji na mnajua chemchemi ipi imepungua na tangu lini.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza namna ya kuhifadhi mahindi yasishambuliwe na dumuzi. Mpaka hapo nawatakia kazi njema. Kwaherini.